Sufuria Niliyoisugua

Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara tisa. Mara nane nimeuchana. Huu wa tisa nauacha ulivyo, hata nikiona kosa, kwa sababu tabia hii ya kuchana na kuanza upya ndiyo iliyokaribia kuniua, na nataka wewe unayesoma uijue mapema.

Pengine unasoma ukiwa kwenye kiti cha plastiki, umeshika namba, na feni iliyo juu yako inatoa sauti bila kutoa upepo. Mimi nilikaa kwenye kiti hicho wiki nyingi. Mambo ya tiba siyajui vizuri na sitajifanya kuyajua. Nitakueleza nilichokunywa, nilichokificha, na kilichotokea.

Naitwa Rahma. Nina miaka ishirini na minne, naishi mtaa wa Kuze, ghorofa ya pili, pamoja na mamangu na nyanyangu mzaa mama. Kazi yangu ni kuoka keki za arusi na za watoto. Sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa simu, keki moja nikiirudia mpaka maua ya krimu yalingane yote. Wateja husema nina mkono mzuri. Kwa kweli nilicho nacho ni hofu. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa kuchoka.

Ugonjwa wa kwanza ulikuja baada ya Idi, mvua za mwaka zikinyesha kila siku. Nilikuwa nikihisi uchovu na kichefuchefu, nikasingizia saumu. Asubuhi moja Mama alinishika kidevu akaniongoza hadi dirishani.

"Tazama juu," akasema. Nikatazama. "Tazama chini." Akaniachia. "Macho yako yamekuwa manjano kama bizari."

Zahanati walinitoa damu, tukangoja mpaka adhuhuri. Tabibu akasema ini limevimba, na kwamba mara nyingi huletwa na maji au chakula kichafu. Hakuna dawa, akasema. Pumzika, kunywa maji mengi, litapona lenyewe.

Maneno mawili yalinikaa kichwani. La kwanza ni "chafu". Mimi? Mimi ninayeosha mayai kwa sabuni kabla ya kuyavunja? La pili ni "subiri", na kusubiri sikuwahi kujua.

Nyumbani Nyanya alikuwa na jibu. Watu wa Kuze wanaijua shira yake ya ukwaju. Huchemsha ukwaju na sukari guru, tangawizi na iliki, saa nyingi, kwa moto mdogo, mpaka iwe nzito kama asali. Huitia ndani ya chupa kuukuu za soda. Mwenye kutapika huichanganya na soda baridi ya ndimu, mwenye homa na maji moto, na mwenye ini, maji matupu, mara tatu kwa siku. Hauzi. Mtu hubisha hodi, akasema mgonjwa wake ana nini, akapewa chupa.

Huipika kwa sufuria moja tu, ya shaba, aliyopewa na mama mkwe wake siku ya saba ya arusi yake. Nje ni nyekundu. Ndani ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kama sarafu ya zamani. Tangu utotoni nilikuwa nikisikia amri yake: nje sugua upendavyo, lakini ndani ni maji moto na kumbi la nazi, basi. Sikuwahi kuuliza kwa nini, naye hakuwahi kueleza.

Nikafungua daftari. Kikombe cha kwanza saa moja asubuhi, cha pili saa saba, cha tatu saa moja jioni. Niliandika rangi ya macho, rangi ya mkojo, uzito, na nilichokula. Wiki ya tatu macho yalianza kuwa meupe. Labda ni shira, labda ni ini lenyewe kama tabibu alivyosema. Mimi nilisema ni shira, na ni kwa sababu sikuwahi kuchelewa kikombe hata kimoja.

Wiki hiyohiyo Nyanya alikwenda Malindi kwenye hitima ya dada yake. Mama alikuwa kazini. Nikabaki peke yangu na neno "chafu".

Nilianza na vikombe. Nikahamia kwenye vijiko, birika, ukuta nyuma ya jiko. Mwisho nikaiteremsha sufuria ya shaba. Nikachungulia ndani, nikaona ule ukijivu una mabaka, na chini mna kama madoa meusi. Nikajiambia: hili hapa. Ni uchafu wa miaka hamsini, na mimi nakunywa kutoka humu.

Nilitazama kwenye simu namna ya kung'arisha shaba. Ndimu na chumvi. Ndimu na chumvi zilipozidiwa nikachukua waya wa kusugulia. Siku mbili nilisugua, nimeingiza kichwa ndani ya sufuria, mkono mmoja ukichoka nabadilisha mwingine. Ukijivu ule ulitoka polepole, na chini yake ikatokea shaba ya waridi, safi, inayong'aa kama ndani ya kombe la pwani. Nilikaa chini nikaitazama. Sijawahi kuoka keki iliyonifurahisha vile.

Nyanya aliporudi nilimwambia, "Nimekusafishia sufuria yako."

Macho yake yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Huona mwanga na vivuli tu, na hupika kwa pua na kwa mkono. Alipapasa nje ya sufuria, akacheka. "Masha'Allah. Yang'aa?"

"Yang'aa, Nyanya."

Hakuuliza habari za ndani, na mimi sikumwambia.

Siku ya pili yake akapika shira mpya. Ilipoiva alidondosha tone moja kwenye kiganja, akaramba, akakunja uso. "Ukwaju wa mwaka huu una ukali." Akaongeza sukari guru.

Kikombe changu cha kwanza kilikuwa na ladha ya ufunguo, kama ule unaoubana kwa meno ukitafuta simu mkobani. Nikakinywa chote. Baada ya nusu saa nilitapika. Nikaandika: *Nimetapika. Labda ni ini.* Cha jioni pia. Kesho yake nikaongeza kikombe cha nne, na baada ya siku chache cha tano, kwa sababu ikiwa narudi nyuma basi dawa haitoshi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nimelisoma daftari lile tena na tena, na ukurasa baada ya ukurasa mwandiko ni mzuri.

Mwili ukaanza kunikimbia. Tumbo lilisokota. Mkojo ukawa rangi ya chai isiyo maziwa. Manjano ikarudi machoni, mara hii na midomo ikawa myeupe. Ngazi za kwetu ni ishirini na mbili, na nilikuwa nikikaa mara tatu kabla ya kufika juu, moyo ukinipiga masikioni. Nilivua pete kwa sababu ilikuwa ikianguka ndani ya unga. Baadaye niliacha unga wenyewe. Arusi mbili nilizirudisha.

Mama na Nyanya wakaanza kugombana juu ya kichwa changu.

"Mama, mtoto huyu arudi hospitali."

"Hospitali walisemaje? Apumzike. Si apumzika?"

"Anatapika kila anapokunywa!"

"Basi aitilie soda, itamtuliza. Na weye punguza kelele, mgonjwa hapigiwi kelele."

Nami nilikuwa upande wa Nyanya. Nilimwambia Mama kuwa ni ugonjwa unatoka. Mama alinitazama. "Unatoka," akasema, "au ni wewe unayetoka?"

Siku nilipoanguka jikoni hakuuliza mtu. Aliita tuktuk.

Hospitali kubwa tulikaa kwenye viti vilivyofungwa pamoja, mmoja akitikisika wote tunatikisika. Nilikuwa namba arubaini na moja. Mbele yetu aliketi mama mmoja mwenye sauti ya sokoni, wa Tononoka, jina lake Mama Riziki. Alinitazama, akainuka bila kusema kitu, akamwendea karani. "Mpe huyu mtoto namba yangu. Mimi figo zangu zimezoea kungoja." Alikuwa namba kumi na sita. Nikija kusahau mengine yote, hilo sitalisahau.

Damu yangu ilikuwa kidogo mno hata muuguzi akarudia kipimo. Nililazwa. Mfuko wa kwanza wa damu uliisha adhuhuri, wa pili magharibi. Ulipokuwa wa pili ukidondoka, daktari wa wodi alikuja na kuvuta kiti. Aliitwa Daktari Mbeyu, mwanamke wa Kigiriama, si mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mwenye namna ya kuuliza kama anayekuuliza njia.

"Mamako ameniambia una daftari."

Nikampa kwa fahari, Mungu anisamehe. Alifungua ukurasa mmoja mmoja.

"Umeandika kila kitu?"

"Kila kitu, daktari."

"Hii shira. Anapika nani?"

"Nyanya."

"Kwa chombo gani?"

Nikamwambia. Kidole chake kikasimama kwenye ukurasa. "Hiyo shaba, ndani ikoje? Nyeupe kama bati, au nyekundu kama nje?"

"Nyekundu."

"Siku zote imekuwa nyekundu?"

Hapo nilielewa. Sikujua habari za shaba, lakini nilijua anauliza nini. Niliuona ule ukijivu ukitoka chini ya waya, na povu la ndimu likibadilika rangi. Kwenye daftari lile hakuna mstari hata mmoja juu ya siku mbili zile.

"Sijui, daktari," nikasema.

Akaeleza kwa kifupi: kitu kichachu kikichemka saa nyingi ndani ya shaba tupu huila shaba, na shaba ile ndiyo niliyokuwa nikinywa mara tano kwa siku. Kwa hiyo ndani ya sufuria hizo hupakwa madini meupe. Watakapopata majibu ya maabara wataanza dawa. Na akamwambia Mama, "Chupa zote zilizotoka nyumbani kwenu zirudi leo."

Mama na kakake, Mjomba Twalib, walipita nyumba kwa nyumba. Chupa nne zilikuwa zimetolewa, tatu hazijafunguliwa, ya nne mtoto aliitema mara ya kwanza na mamake akaiweka juu ya kabati. Niliposikia hivyo nililia, wakadhani ni maumivu.

Lawama ikaenda kwa Nyanya. Mjomba hakuwa mpole. Alisema sufuria ile haikuwahi kutiwa kitu ndani, ni mambo ya zamani, ni bahati tu hatukufa sote. Nyanya akasema ina kalai, yale madini meupe ya ndani, alitiliwa na fundi aliyekuwa akipita mitaani na kifuko chake cha mkaa, yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo. Mjomba akamwambia, "Mama, itazame basi! Ndani ni nyekundu!" Akamwambia vile mtu asiyeona. Jirani mmoja aliyekuja kurudisha chupa akasema sadaka nyingine heri mtu abaki nayo.

Haya nilisimuliwa na Mama, ameketi ukingoni mwa kitanda, akinikata kucha. Nilikuwa nimeanza vidonge, na kila kimoja kilinuka kama yai bovu.

"Ameapa," Mama akasema.

"Kuapa vipi?"

"Kwamba atainywa yeye. Gilasi nzima kila asubuhi mpaka utoke hospitali, ili watu wajue chombo chake ni safi. Jana amekunywa. Na leo."

"Si Mjomba alizimwaga chupa zote?"

"Alizimwaga. Ameficha moja, hatujui wapi. Nimfunge mdomo mamangu?"

Kucha ziliendelea kukatwa. Vidole kumi. Kila kidole nilijiambia nikimaliza hiki nasema. Kengele ya kuondoka ikalia, Mama akanibusu kipaji cha uso, akaenda. Nilikuwa sijasema.

Sina la kujitetea. Niliogopa uso wa Nyanya kuliko nilivyoogopa Nyanya kudhurika. Ukiwa na aibu ya aina hiyo, jua kwamba haikungoji ujiandae.

Siku iliyofuata, saa ya kutazama wagonjwa, walikuja wote watatu. Nyanya alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, mkono mmoja kwa Mama, mwingine umebeba kikapu cha ukili. Mama Riziki, aliyekuwa naye amelazwa, kitanda cha pili kutoka changu, akajiinua kwa kiwiko.

"Shikamoo, Nyanya," nikasema.

"Marahaba, mamangu. Mbona sauti imekuwa nyembamba hivi? Hawakulishi?"

"Anakula, Bi Mkubwa," Mama Riziki akajibu. "Uji wake na wangu."

Nyanya akacheka, akapapasa kitanda, akaketi. Halafu akatia mkono kikapuni na kutoa chupa.

"Mama!" Mjomba akasema. "Nilizimwaga zote!"

"Ulimwaga ulizoziona. Mwenye mato ni weye, na hukuiona." Akatoa kikombe kilichofungwa kwa leso. "Leo sikunywa nyumbani. Nataka kunywa hapa mbele ya daktari wao, na mbele ya huyu mtoto, asidhani nyanyake amemtilia sumu."

Akamimina. Hakumwaga tone. Nilisikia harufu ya iliki.

"Nyanya, usinywe."

"Kwa nini nisinywe? Chombo changu kina kalai."

"Hakina tena."

"Imekwenda wapi?"

Kikombe kilikuwa kimefika kidevuni. Nikaushika mkono wake, ule wenye kikombe, na shira ikamwagika juu ya shuka.

"Nimeisugua mimi. Ulipokwenda Malindi."

Mjomba alifungua mdomo, Mama akamgusa.

"Nje," Nyanya akasema.

"Na ndani."

"Kwa kumbi?"

"Kwa waya, Nyanya. Na ndimu. Nilidhani ni uchafu."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Siku mbili." Alikiweka kikombe sakafuni, akakitafutia pahali pa kukaa sawa. "Na siku zote hizi natukanwa, weye wajua."

"Najua."

Akaifunga chupa, akaishikilia mapajani. Mama Riziki alikuwa amegeukia ukutani. Daktari Mbeyu alipofika nilimwambia yote tena mwenyewe, nikafungua daftari nikaandika tarehe za siku zile mbili mbele yake. Hakunikaripia. Alimtoa Nyanya damu siku ileile, na ilikuwa salama.

Lakini Nyanya hakurudi. Siku ya kwanza ya kutazama wagonjwa Mama alisema amechoka. Ya pili, magoti. Ya tatu hakutaja sababu, nami sikuuliza. Mjomba alikuja peke yake, akakaa, akala machungwa aliyoniletea. Kabla ya kuondoka akasema, "Hata hivyo mimi siamini ilikuwa na kalai." Ilikuwa njia yake ya kutoomba msamaha.

Nilitoka baada ya wiki tano za vidonge, mvua zikiwa zimekwisha na kusi ikivuma. Nilikuwa nimepoteza kilo tisa na nywele nyingi. Vidonge niliendelea navyo nyumbani. Kila wiki mbili nilirudi kwenye viti vile vinavyotikisika, na kila mara namba ya damu ilipanda kidogo. Mama alininunulia maziwa, akawa ananiosha kichwa kama mtoto. Nyanya aliitikia salamu yangu asubuhi na jioni, na zaidi ya hapo hakusema nami. Shira hakupika. Waliobisha hodi waliambiwa haipo.

Kusi ilipoanza kulegea, asubuhi moja aliniita kutoka jikoni.

"Rahma. Niteremshie sufuria yangu."

Niliiteremsha kwa mikono miwili na kuiweka sakafuni mbele yake. Haikuwa inang'aa tena, ilikuwa imeingia weusi. Akaketi kwenye kibao, akaingiza mkono. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akiipapasa ndani. Alianza chini kabisa, akazunguka, akapanda juu kidogo, akazunguka tena, polepole, kama anayesoma. Nilisimama nikihesabu mizunguko. Karibu na mdomo wa sufuria, pale ukingo unapojikunja, kidole chake kikasimama.

"Leta kidole chako."

Nikachuchumaa. Akanishika kidole cha shahada, akakiingiza chini ya mkunjo. Palikuwa na kitu laini, baridi tofauti na ya shaba. Niliinama mpaka shavu likagusa sakafu ili nione. Ulikuwa mstari mwembamba wa kijivu, ukizunguka sufuria yote, pahali ambapo waya wangu haukupenya.

"Hapa hukufika," Nyanya akasema.

Mwaka mmoja nyuma maneno hayo yangenikosesha usingizi. Nilibaki pale chini nimeinama.

"Mwite mjombako," akasema. "Aje atazame na mato yake."

Mjomba alikuja, akalala sakafuni na kanzu yake nyeupe, akamulika kwa simu. Alikaa chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa Nyanya na kumbusu mkono. Nyanya akauacha mkono ubusiwe, kisha akaupangusa kwenye leso. "Na umwambie yule jirani wa sadaka," akasema.

Fundi wa kalai hatujampata. Kwa mafundi wa Makupa tuliambiwa wanaunga mageti tu. Sasa Nyanya hupikia sufuria ya stili kutoka duka la Mhindi, na hulalamika kuwa inaunguza. Mimi huikoroga, yeye huonja. Na kila chupa inayotoka naifungia karatasi niliyoandika kwa mkono: *Hiki ni kinywaji tu. Mwambie daktari wako unakinywa, na umwambie kimepikwa kwa chombo gani.* Nilipomsomea Nyanya karatasi ile alinuna, halafu akasema niandike kwa herufi kubwa.

Sufuria ya shaba iko juu ya rafu. Kila Ijumaa naiteremsha na kuiosha ndani kwa maji moto na kumbi, naye hukaa karibu akisikiliza sauti ya mkono wangu. Nikifika kwenye mkunjo napitisha maji tu.